Kaseti ya Pili

Tulimzika Mkufunzi Kamugisha nyumbani kwao Kanazi, katikati ya kibanja, mahali ambapo migomba ilikatwa asubuhi ile ile ili kaburi lipate nafasi. Nilifika nimechelewa na nimevaa viatu visivyofaa, kama kawaida yangu. Baada ya mazishi, sisi tuliokuwa wanafunzi wake tulikaa chini ya turubai moja, watu wazima wenye vitambi na miwani, tukila ndizi na maharage na kumsema marehemu kwa mapenzi: alivyokuwa mkali, alivyokunywa chai bila sukari na kutushangaa sisi tunaotia, alivyozima kompyuta ya mtu kwa kidole kimoja kazi ikimchukiza. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu, aliyesoma miaka mingi baada yangu, akaniuliza jina. Nilipomtajia aliweka sahani chini. "Wewe ndiye Koku wa ile video ya kwaya? Mkufunzi alikuwa akituonyesha kila mwaka! Alikuwa anasema, tazameni huyu binti alivyosahihisha kazi. Alipewa maoni, hakubisha, akatafuta uso mmoja." Wenzangu wakanipigia makofi ya chini chini, kwa heshima ya msiba. Nikasema asante, nikaenda kunawa mikono ambayo wala haikuwa michafu.

Miaka ishirini sifa hiyo imenifuata. Nimekula kwa kazi hii ya kuhariri picha: harusi, mahafali, matangazo ya sabuni, kampeni za watu ambao sikuwapigia kura. Kila nilipoomba kazi mahali, kuna mtu alikuwa ameiona ile video au amesikia habari zake. Na kila mara nilitabasamu vile vile nilivyotabasamu Kanazi. Nikiwa nanawa mikono pale, nikitazama maji yakipotea kwenye majani makavu ya mgomba, niliona kwamba mtu pekee aliyebaki wa kumwogopa alikuwa amefukiwa muda si mrefu, na kwamba kama sisemi sasa sitasema tena.

Habari za nilikotoka naziruka, kwa sababu hazina kosa katika jambo hili. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, narudia mwaka wa mwisho katika chuo kidogo cha utangazaji mjini Bukoba, na kanuni ilikuwa wazi: anayeshindwa mara mbili anaondoka bila cheti. Mara ya kwanza nilishindwa kwa uvivu na mdomo mrefu. Mara hii nilikuwa nimejaa hofu kiasi kwamba nilikuwa nakula mara moja kwa siku, na si kwa kukosa chakula. Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi ambaye alikuwa akigonga dari kwa ufagio tukipiga muziki kwa nguvu. Chumba cha kuhariria kilikuwa na kompyuta tatu, mapazia mazito ya kahawia, na harufu ya vumbi lililopata joto. Yangu ilikuwa ile ya dirishani. Zamu yangu ilikuwa asubuhi mpaka saa sita. Kila mwanafunzi alipewa kaseti mbili ndogo za kamera, mbili tu, na kazi moja ya kumtoa chuoni: video ya wimbo mmoja.

Mimi nilipata kwaya huko Muleba, katika usharika ambao sitautaja. Iliitwa kwaya ya vijana, ingawa mwenyekiti wake, Ma Regina, alikuwa na wajukuu wanne na mmoja wao alikuwa anaimba besi. Walikuwa watu thelathini na mmoja. Wimbo wao wa shukrani walikuwa wameshaurekodi studio, ila hawakuwa na picha, na mimi nilikuwa na picha bila wimbo, basi tukapatana. Chuo kilidai kitu kimoja kutoka kwao: barua ya ridhaa, iliyosainiwa na mwenyekiti baada ya kuiona kazi iliyokamilika. Bila barua, kazi haisahihishwi.

Tulipiga picha Jumamosi moja kwenye majani ya ufukweni, kisiwa cha Bumbire kikionekana kwa mbali. Wanawake walivaa magauni ya zambarau yenye kola nyeupe, wanaume mashati ya rangi hiyo hiyo yaliyowabana shingo. Jenereta liliunguruma nyuma ya mwamba, spika moja kubwa ikapiga wimbo, nao wakaimba juu ya sauti zao wenyewe. Mbele yao alisimama Sospeter, mwalimu wa kwaya, mrefu, mtanashati, mwenye mikono iliyojua kuongea. Ma Regina alinivuta pembeni kabla hatujaanza. "Koku, waitu, tafadhali, kila mtu aonekane uso. Kila mtu. Siku tukiionyesha kanisani, kila mama atakuwa anamsubiri wake. Ukimruka mmoja, umetuletea ugomvi wa mwaka mzima." Nikamwahidi. Baada ya kurudia wimbo mara kadhaa, kaseti ya kwanza ikawa imejaa. Nikaweka ya pili, nikabonyeza kitufe cha kurekodi nijaribu kama inashika, na hapo hapo jenereta likazima. Nikakimbilia kusaidia. Kamera niliiacha kwenye stendi yake ikitazama majani matupu.

Nilitengeneza video ya kwanza kama nilivyoahidi. Nyuso thelathini na moja, kila moja na sekunde zake, nzee kwa changa, hakuna aliyepunjwa. Nilijiona mwerevu kweli. Mkufunzi Kamugisha aliitazama mpaka mwisho, mikono nyuma, halafu akauliza wako wangapi. Nikamwambia. "Nimewaona wote," akasema. Nikatabasamu. "Usicheke, ndiyo ubaya wake. Hii si video, binti. Hili ni daftari la mahudhurio." Nikajitetea kwamba wenyewe ndivyo walivyoomba. "Wao wameomba, sawa. Wewe hapa unasomea utangazaji au usimamizi wa uchaguzi?" Wenzangu wawili kwenye kompyuta nyingine waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Mkufunzi alichukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Tafuta uso mmoja. Tuonyeshe wimbo huu unamfanya nini mtu.* Akanipa wiki tatu. Alipotoka nilienda chooni nikalia, si kwa sababu alikuwa ameniumiza, bali kwa sababu alikuwa amesema kweli na sikujua nianzie wapi.

Nilianzia kwenye kaseti. Nilivaa hedifoni, nikazitazama zote mbili tangu sekunde ya kwanza, hata vile vipande ambavyo sikuwa nimevihamishia kwenye kompyuta kwa sababu diski ilikuwa ndogo na tulikuwa tunaigombania watatu. Kaseti ya pili ilianza na majani. Majani, ukingo wa maji, mngurumo wa jenereta ukikata. Nikataka kuirusha mbele, lakini nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kana kwamba amesimama nyuma ya kiti changu.

"Miezi mitatu sasa, Sospeter."

"Sema taratibu."

"Nani atanisikia hapa? Ziwa?"

"Editha. Tumalize video kwanza. Nitaenda kwa mchungaji mwenyewe, nitamwambia ni mimi. Mimba ni yangu, siikatai."

"Utamwambia kweli?"

"Si nimeshasema? Futa uso, bojo, nakusihi. Wanatuangalia."

Kisha hatua kwenye majani, pindo la gauni la zambarau likapita pembeni mwa picha, na baada ya dakika mbili za ukimya naonekana mimi mwenyewe nikirudi mbio, pua ikiwa imejaa picha nzima. Yote hayo hayakufika dakika tano. Nilimfahamu Editha: mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, fundi cherehani, sauti ya pili, mstari wa kati. Sospeter alikuwa na mke na watoto, mke mwenyewe aliimba sauti ya kwanza siku ile ile. Lakini nitasema kweli: sikuwaza sana habari zao, kwa sababu kilichofuata kwenye kaseti kilinisahaulisha. Kwaya ilirudi kwenye mistari, wimbo ukaanza upya, na mara hii Editha alikuwa anaimba kama mtu aliyetuliwa mzigo. Machozi yalikuwa bado hayajakauka, naye anacheka huku anaimba asante. Hakuwa akiigiza hata kidogo. Alikuwa ameahidiwa, akaamini, na akawa anashukuru kweli.

Nilikuwa nimeupata uso wangu. Sikuwahi kabla ya hapo, na sijui kama nimewahi baada yake, kufanya kazi kwa furaha ile. Nilimweka Editha mwanzo, nikamwacha aende, nikamrudia. Wale thelathini wakawa watu wanaomzunguka, wanaomshika mkono. Mkufunzi alipokuja kutazama hakusimama. Alivuta kiti, akakaa. Video ilipokwisha alisema, "Hapa sasa," akaomba aione tena. Nilishuka ngazi siku hiyo nikampungia mkono hata mzee wa ufagio. Nilikula sahani mbili za ndizi na samaki sokoni. Kilichobaki kilikuwa saini tu.

Nikaenda Muleba nikiwa na diski kwenye mkoba. Ma Regina alikuwa na sebule ya vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono, kimoja juu ya kila kiti, kimoja juu ya televisheni, na hata redio ilikuwa na chake. Viongozi wa kwaya sita walikuwa wamekaa wakisubiri. Sospeter hakuwepo. Uso wa Editha ulipotokea, walitazamana. Ulipotokea mara ya pili, mtu alikohoa. Mara ya tatu Ma Regina alinyanyuka, akazima. "Koku," akasema kwa upole kabisa, "huyu binti yuko pembeni tangu Jumapili iliyopita." Aliyekulia usharikani hahitaji maelezo zaidi. Kuwekwa pembeni ni kuondolewa kwenye Meza ya Bwana, ni kuvua sare ya kwaya, ni kukaa viti vya nyuma mpaka siku utakaposimama mbele ya watu wote kutubu na kurudi kundini. "Mtu aliye pembeni haongozi sifa. Tutaionyeshaje kanisani? Mtoe." Nikauliza nimpunguze? "Usimpunguze. Mtoe. Asiwepo."

Walinipeleka jikoni kusaidia kumenya ndizi wakati wakijadili mengine. Jiko lilikuwa la nje, lenye moshi, na nyuma ya ukuta wa matete wanawake wawili walikuwa wanaosha vyombo. Sikuwaona nyuso, nilisikia maji na maneno. "Kamtaja Sospeter mbele ya wazee." "Na Sospeter?" "Kashika Biblia. Kaapa hamjui kwa namna hiyo." "Basi binti ana makosa mawili." "Mawili ndiyo. Uzinzi na kumsingizia mwalimu. Ndiyo maana wamemwongezea muda. Na kaka yake kamwambia atoke nyumbani, mtu anayechafua majina ya watu." Kisu kilinipita kidoleni. Ndizi zikapata damu, nikazisuuza haraka, nikaona aibu kama vile ni mimi niliyeapa.

Chakula kilipakuliwa, ebitoke, zile ndizi za kupikwa, juu ya jani pana, mvuke ukipanda, na dagaa wa kukaanga. Nilikaa karibu na Ma Regina. Nilikuwa na siku nane kabla ya kukabidhi. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na kama kungekuwa na ushahidi kwamba Editha hakudanganya?" Aliacha kula. Alinitazama muda mrefu, na katika ule muda nilielewa kwamba sikuwa namwambia jambo jipya sana. "Ushahidi wa nini, bojo? Unataka nini wewe? Sospeter akitoka, hii kwaya imekwisha. Miaka kumi na minne ameifundisha. Watoto wake wamesimama pale mbele." Akanimegea ndizi, akaisogeza upande wangu. "Wewe una mtihani wako. Lete video isiyo na yule binti, nami nitasaini siku hiyo hiyo. Yasiyokuhusu yaache." Nikala. Mpaka leo nikisema nililazimishwa, nakumbuka kwamba nilikula na nikaomba kuongezewa dagaa.

Sospeter, aliyefika baada ya chakula, ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, amebeba mkungu ambao Ma Regina alinizawadia. Njia nzima aliongea habari za mvua. Hakuniuliza habari za kaseti, na sidhani kama alijua. Tulipofika aliutua mkungu kwa uangalifu, akafuta mikono. "Mwanafunzi, mimi nakuombea. Utafaulu." Alisema kwa sauti ile ile niliyoisikia kwenye hedifoni ikisema mimba ni yangu, siikatai. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu unayetamani kumwamini. Nilimjibu asante sana mwalimu.

Siku zilizofuata sitaki kuzipamba. Nilimtoa Editha. Si kazi ndogo kumtoa mtu wa mstari wa kati. Yuko kila mahali, watu wote wamesimama kumzunguka. Picha za mbali nilizikuza mpaka akatoka nje ya ukingo, nyingine nikazitupa, nyingine nikafunika upande wake kwa maji ya ziwa. Kuna moja ilibaki kiwiko, nikakaa nacho asubuhi nzima. Kompyuta ilikuwa inaganda, mvua inanyesha, nami naipiga pembeni kwa kiganja nikiomba dua za ovyo. Mara mbili nilichukua kaseti ya pili nikashuka nayo ngazi, nimekata shauri nirudi Muleba niiweke mezani kwa mchungaji. Mara ya kwanza nilifika stendi. Mara ya pili nilifika mlangoni tu. Nilikuwa najiambia nitafanya hivyo nikishapata cheti. Nikishapata cheti, nilisema, nitakuwa jasiri.

Na bado Mkufunzi alitaka uso mmoja. Nikatafuta ni nani mwingine mwenye picha za karibu za kutosha, aliyeonekana vizuri katika kila kurudia, ambaye wimbo ungeweza kumshika tangu mwanzo mpaka mwisho. Palikuwa na mmoja tu, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya wote. Nikamweka Sospeter. Mikono yake ikifunguka, macho yake yakifumba kwenye kiitikio, jasho kwenye paji la uso. Alipendeza, nami nilikata vizuri. Hasira na hofu vilikuwa vimenifanya niwe makini kuliko wakati wowote. Ma Regina aliiona, akasaini, akanipiga begani. Mkufunzi aliitazama akiwa amesimama.

"Yule dada yuko wapi?"

"Kwaya wamemkataa, Mkufunzi."

"Kwa nini?"

Alisubiri. Ninaamini kabisa alisubiri, mkono juu ya kiti changu, na kama ningefungua mdomo angenisikiliza. "Mambo ya kanisa tu," nikasema.

"Huyu bwana anaimba kwa mdomo tu," akasema. "Lakini umekata kama mtu mzima. Nimepitisha. Iweke kwenye kaseti, Alhamisi niwe nayo."

Yaliyompata Editha baadaye niliyasikia vipande vipande, kwa watu waliokuja mjini. Alijifungua mtoto wa kike. Alikwenda kisiwani Goziba kuwapikia wavuvi, kwa sababu kule hakuna anayekuuliza uliketi kiti gani kanisani, akakaa miaka kadhaa. Aliporudi alisimama mbele ya usharika akatubu yote mawili, na la pili pia, lile la kumsingizia mwalimu, kwa kuwa bila hilo wasingempokea. Alimwomba Sospeter msamaha kwa kipaza sauti. Waliokuwepo walisema Sospeter alilia, akamkumbatia, watu wakaguswa. Niliposikia hivyo nilikuwa kazini, mjini, nina meza yangu na cheti changu ukutani. Nikavaa hedifoni nikaendelea na harusi ya watu.

Lakini siku ninayoirudia ni ile Alhamisi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Bukoba isiyo na haraka. Nilikuwa peke yangu chumbani, kazi imekamilika. Hatua ya mwisho ilikuwa kuitoa video kwenye kompyuta na kuirekodi kwenye moja ya zile kaseti zetu mbili. Yoyote ile, tangu mwanzo wake, na kilichokuwamo kingefutika chini yake. Kaseti ya kwanza ilikuwa tayari ndani ya mashine. Nilikuwa nimeichagua kwa makusudi. Nilikuwa bado naitunza ile nyingine. Mlango ukagongwa, akaingia Editha, khanga kichwani, imelowa, tumbo limeshaanza kujionyesha.

"Karibu, dada," nikasema, nikasimama bila kujua kwa nini.

"Sikai sana. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja." Aliongea akiangalia mashine, si mimi. "Siku ile ziwani tulisimama karibu na kamera yako, mimi na Sospeter. Kulikuwa na kataa kekundu kanawaka. Sikujua maana yake. Juzi nimemwuliza mpiga picha wa harusi, kasema kakiwaka inarekodi."

"Inawezekana kaliwaka."

"Ilisikia?"

Kaseti ya pili ilikuwa juu ya meza, kati yetu, karibu na kikombe changu. Ningeweza kuigusa bila kunyoosha mkono. Niliwaza barua ya Ma Regina ndani ya faili. Niliwaza kurudi nyumbani mara ya pili bila kitu. "Haikusikia, dada," nikasema. "Ilirekodi picha tu, ya majani. Kipaza sauti cha ile kamera kinawashwa peke yake, na nilikuwa sijakiwasha." Nilimweleza na waya zake, kinachomekwa wapi, kinazimwa wapi. Uongo ukipata maneno ya ufundi unasimama wima.

Akatikisa kichwa, kama mtu anayefahamishwa bei. "Basi. Nilidhani Mungu ameniwekea shahidi." Kisha akasema samahani kwa kunisumbua, akaomba asubiri mvua ipungue, akaketi kwenye benchi karibu na mlango na kukamua ncha ya khanga yake.

Nikageukia mashine. Niliitoa kaseti ya kwanza. Nikaweka ya pili. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na kazi ingekamilika vile vile bila hivyo. Niliogopa, na ninajua hasa nilichoogopa: niliogopa kwamba kesho yake ningekuwa mwema. Nikabonyeza. Wimbo ukaanza kutoka kwenye spika ndogo, Sospeter akafungua mikono kwenye kioo, na Editha aliyekuwa mlangoni akauinua uso.

"Sauti yangu imo?" akauliza.

"Imo. Mliimba pamoja studio, haitoki."

"Afadhali," akasema, akaanza kuifuata sauti ya pili polepole, kwa mdomo uliofungwa, akitazama mvua. Dakika tano na sekunde kumi na nne. Nilizitazama namba zote zikipita. Wimbo ulipokwisha alisimama, akanitakia mtihani mwema, akashuka ngazi kabla mvua haijaisha.

Nilitoa kaseti, ikiwa na joto. Kaseti zile nyuma zina kidude kidogo cha plastiki. Ukikisukuma upande mmoja, hakuna mtu anayeweza tena kurekodi juu yake na kufuta kilichomo. Mkufunzi alitusisitizia tusikisahau kabla ya kukabidhi. Sikukisahau. Nilikisukuma kwa ukucha mpaka kikalia, nikaandika jina langu.